MTOTO ALIYEWEKWA CHINI

Somo letu: Hosea 11:1-4. Someni pia 1 Samweli 1:21-24 na Marko 5:35-43.



Leo nina somo ambalo pengine hamkulitazamia kutoka kwa mchungaji. Nataka tuongee juu ya mtoto ambaye amemaliza mwaka mmoja na bado hajafika miaka miwili.

Siongei juu ya mtoto mchanga. Mtoto mchanga ana watu wengi. Akizaliwa, jirani wanakuja na sabuni na kikwembe, wamama wa kanisa wanakuja kuimba, bibi anatoka kijijini kumwogesha. Naongea juu ya yule ambaye juzi alikuwa mgongoni na leo amewekwa chini atembee. Ameota meno, anasimama, anaita mama. Sisi tunafurahi, tunasema: huyu sasa amekomaa, amepona. Kisha kila mtu anarudi kwa kazi yake, na mtoto anabaki uwanjani na dada yake wa miaka 8.

Nawauliza swali moja, na kila mtu ajibu moyoni mwake. Saa hii, wakati unaponisikiliza, mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu yuko wapi? Ni nani anayemwangalia? Na tangu asubuhi amekula nini?

Tuje kwa Neno. Nabii Hosea alihubiri katika ufalme wa Israeli, ule wa kaskazini, unaoitwa pia Efraimu, katika karne ya 8 mbele ya Kristo. Watu walikuwa wamemwacha Bwana na kufuata Baali. Mungu alitaka kuwakumbusha upendo wake. Angeweza kusema juu ya bahari iliyogawanyika, ao moto wa Sinai. Lakini katika sura ya 11 anajifananisha na mzazi mwenye mtoto mdogo. Anasema alimpenda Israeli tangu utoto. Anasema yeye ndiye aliyemfundisha kutembea, akimshika mikono, na kwamba mtoto hakujua ni nani aliyemponya. Anasema alimvuta kwa kamba za upendo. Na mwisho anasema kwamba aliinama akamlisha.

Angalieni vizuri, ndugu. Mtoto anayefundishwa kutembea ana umri gani? Ni huyu huyu wetu. Wengi huanza kutembea karibu na mwaka mmoja. Mmoja anaanza kwa miezi 9, mwingine kwa miezi 18. Basi, Mungu alipotafuta mfano wa upendo wake, alichagua mwaka wa pili wa mtoto. Mwaka ambao sisi tunamweka chini, Mungu ndio anaomshika mkono. Tutaona mambo matatu: Mungu anashika mkono, Mungu anaponya, Mungu anainama na kulisha.

1. MUNGU ANASHIKA MKONO

Mtoto akianza kutembea anaanguka mara nyingi kwa siku. Kuanguka kwake si ujinga. Ndivyo anavyojifunza. Anahitaji mtu aliye karibu, anayesema "Simama, kuja hapa," na anayefungua mikono. Kama miezi 18 imepita na hajatembea hata hatua chache, usingojee, mpeleke kituo cha afya wamwangalie.

Kushika mkono ni pia kuongea naye. Wengine wanawaza kwamba mtoto asiyejua kusema hana haja ya kuambiwa kitu. Ni kinyume: anasema kwa sababu ameambiwa. Karibu na mwaka mmoja anatoa neno moja ao mawili. Akifika miezi 18 ana maneno kadhaa. Akifika miaka miwili anaunganisha maneno mawili: "Mama maji," "Baba kuya." Mama, ukiwa unachambua lengalenga, mwambie: "Hii ni jani. Hii ni kubwa. Hii ni ndogo." Akisema "ma," mjibu: "Ndiyo, maji, unataka maji." Usimpe simu imtulize; umri huu simu haimfundishi kusema. Mpe kifuniko cha sufuria, kikombe cha plastiki, gunzi la mahindi, na kaa naye. Kama unamwita kwa nyuma na hageuki, ao haonyeshi kitu kwa kidole, ao maneno aliyokuwa nayo yamepotea, mwambie muganga. Inaweza kuwa masikio.

Kushika mkono ni pia kumlinda. Mtoto huyu ana miguu, lakini hana akili ya hatari. Mbabula yenye sufuria ya maharagi iko chini, sawa na urefu wake. Ukipikia chini, weka mbabula kwenye kona, zungushia mawe makubwa ao benchi, na usimwache peke yake hapo hata dakika moja. Akiungua, mwagilia kidonda maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke kwa muganga. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala unga. Beseni ya maji ya kufulia inaweza kumzamisha mtoto wa umri huu, ingawa maji ni machache. Petroli ya taa usiitie katika chupa ya sukari, na sude ya kutengenezea sabuni iwekwe juu, mahali asipofika. Karanga nzima na maharagi mabichi anaweza kuvitia puani ao vikamkaba kooni. Karanga yake itwangwe.

Neno juu ya fimbo. Najua wengi wenu mtanijibu kwa Mithali. Lakini mtoto wa miezi 18 anayejitupa chini na kulia sokoni hakuasi. Ana hasira kubwa na maneno matano. Hawezi kukuambia kwamba amechoka, ana njaa, ao alitaka kutembea mwenyewe. Kumpiga kunamfundisha kukuogopa, na kumtikisa kwa nguvu kunaweza kuumiza ubongo wake. Vilevile juu ya choo: mwili wake bado haujui kujizuia, na kumpiga kwa sababu amejichafua ni kumwadhibu kwa kitu asichokiweza. Hosea anasema Mungu alimvuta Efraimu kwa kamba za upendo. Mwinue, mwondoe mahali pale, mshike mpaka atulie, kisha mwambie hapana kwa maneno machache. Kesho utarudia. Na kesho kutwa utarudia. Mungu naye amerudia nasi mara ngapi?

Na yule dada wa miaka 8 anayembeba, tumhurumie yeye pia. Ni vema amsaidie mama, lakini yeye ni mtoto. Hawezi kuwa mama. Kama anakosa masomo kwa sababu ya kulea, tumewaweka chini watoto wawili.

2. MUNGU ANAPONYA

Hapa nina jambo la kuungama mbele yenu. Kanisa letu linalijua, lakini sijawahi kulisema kwa redio.

Miaka 9 iliyopita, mama mmoja alileta mtoto wake kwenye chumba chetu cha maombi. Mtoto alikuwa na miezi 17. Uso wake ulikuwa wa mviringo, miguu imejaa, hata wengine walisema amenenepa. Lakini nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu na nyepesi, ngozi ya miguu inatoka, na hakutaka kucheza. Alikaa tu, akilia kwa sauti ndogo. Mama alikuwa na mimba ya miezi minne. Watu wa nyumba walikuwa wamemwambia kwamba kuna mtu wa familia anayemla mtoto. Wengine walisema hata kwamba mtoto mwenyewe ana kitu ndani yake, kwa sababu halali usiku.

Mimi niliamini. Nilikuwa nimetoka shule ya Biblia, nilikuwa na bidii. Tulitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Tulimweka mama na mtoto katika chumba cha maombi, na mama alifunga pamoja nasi, akiwa na mimba. Mtoto hakufungishwa, lakini alipewa nini? Chai isiyo na maziwa, na kipande cha mkate. Tuliomba kwa sauti usiku kucha, na mtoto akazidi kulegea.

Siku ya nne alikuja mama mzee wa kanisa, ambaye zamani alikuwa mzalishaji. Hakuniuliza kitu. Alipiga magoti, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akangoja kidogo, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akabonyeza mguu wa pili, shimo likabaki. Akanitazama akasema: "Pasta, huyu ana bwaki. Anahitaji hospitali leo, si kesho."

Tulimbeba. Muganga alituambia kwamba tungechelewa siku mbili tena, hangeweza kutuahidi kitu. Mtoto alikaa huko wiki tano, akipewa kwanza maziwa ya dawa kidogo kidogo, kisha ile siagi ya karanga ya paketi. Mungu alimponya. Leo yuko masomoni, na ananisalimu kila Siku ya Mungu. Mimi kila nikimwona nakumbuka zile siku tatu.

Ndugu, bwaki si ulozi. Wazungu wanaiita kwashiorkor, lakini neno hilo si lao. Ni la Kiga, lugha ya Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika, alifanya kazi kule katika miaka ya 1930 na aliona watoto waliovimba kama huyu wetu. Aliwauliza wamama jina la ugonjwa. Wakamwambia kwamba ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mwingine anapozaliwa nyuma yake, yule anayeondolewa kwenye ziwa na kwenye mgongo. Aliandika jina hilo katika gazeti la waganga la Uingereza mwaka 1935, na dunia nzima ikalichukua. Wale wamama hawakuwa na shule kubwa, lakini waliona: mtoto anaugua wakati nafasi yake inapochukuliwa na hakuna anayemtengenezea nafasi nyingine.

Basi sikieni. Mtoto akivimba miguu, kidole kikiacha shimo, nywele zikigeuka rangi, ngozi ikitoka, akikataa kula na kucheza, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata yule asiyevimba, anayekonda tu, apimwe. Reko wa mtaa ana utepe wa rangi tatu wa kupima mkono. Ukifika kwenye nyekundu, yaani chini ya milimita 115, mtoto yuko katika hatari ya kufa. Manjano, kati ya 115 na 125, ni onyo. Na usiache kwenda kilo eti kwa sababu chanjo za utoto zimekwisha. Wengi wanakuja kilo mpaka chanjo ya surua ya miezi 9, kisha fishi inafungwa katika sanduku. Surua ina dozi ya pili, na inatolewa katika mwaka wa pili. Kuna vitamini A kila miezi sita, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Fungueni fishi mtazame, na mumuulize muganga ni nini kinachobaki.

Akiharisha, mnyonyeshe zaidi, mlishe, mpe maji ya SRO: paketi moja katika litre moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko. Omba zinki kwenye kituo cha afya, na umpe siku 10 mpaka 14 kama watakavyokuonyesha, hata kama kuharisha kumekwisha mbele ya hapo. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyo. Na akishindwa kunywa, ao akitapika kila kitu, ao akishikwa na degedege, ao akilala usingizi usioamshika, ao macho yakiingia ndani, ao damu ikiwa katika choo, hapo hakuna kungojea asubuhi. Beba mtoto uende. Tutaomba njiani.

Nawaambia wachungaji wenzangu, na wamama wa maombi: tuombe, ndiyo. Mimi ninaamini uponyaji wa Mungu leo kama zamani. Lakini hakuna mtoto wa kulazwa katika chumba cha maombi mbele ya kupimwa na muganga. Na hakuna mtoto wa kuitwa mulozi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kwa kifungo mtu anayemshtaki mtoto kwa ulozi. Lakini hata sheria isingekuwapo, tungejibu nini mbele ya Bwana aliyewapokea watoto mikononi mwake na kuwabariki?

3. MUNGU ANAINAMA NA KULISHA

Mnakumbuka binti Yairo. Bwana Yesu alimfufua kutoka kwa wafu, na watu wote wakashangaa sana. Marko anatuambia jambo la mwisho ambalo Yesu aliagiza katika nyumba ile: mtoto apewe chakula. Aliyeshinda mauti hakudharau sahani. Mimi nilikuwa nimehubiri habari hiyo mara nyingi na sikuona mstari wa mwisho.

Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba, kwa watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 43 wamedumaa. Hawa si wote waliolala hospitalini. Wengi wanatembea, wanacheka, lakini urefu wao hauendi na umri wao, na akili pia inaweza kubaki nyuma. Kudumaa kunaanza tumboni mwa mama na kunashika nguvu katika miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Kwanza, ziwa. Waganga wanashauri kunyonyesha mpaka miaka miwili na kupita. Mama akipata mimba, wengi wanasema maziwa yamekuwa sumu, na mtoto anaachishwa siku hiyo hiyo. Si kweli. Maziwa ya mwenye mimba si sumu. Kama mimba inaendelea vizuri, mama anaweza kuendelea kunyonyesha, lakini naye ale vizuri na amwone muganga. Ikilazimu kuachisha, iwe polepole, na mtoto aongezewe chakula. Usimpeleke ghafula kwa bibi kijijini ili asahau ziwa. Hapo anapoteza ziwa na mama siku moja.

Pili, sahani yake mwenyewe. Katika nyumba nyingi watoto wanakula pamoja katika sahani moja. Yule wa miaka 10 anamaliza, na huyu mdogo bado ana tonge la kwanza mkononi. Sahani yake itatuonyesha amekula kiasi gani. Kaa naye, mgeukie, mngojee. Usimkabe kwa nguvu. Ndiyo maana nabii anasema Mungu aliinama: huwezi kumlisha mtoto huyu ukiwa umesimama.

Tatu, mara nyingi. Tumbo lake ni dogo, na bugali tunaokula mchana na jioni haumtoshi. Anahitaji kula mara tatu ao nne kwa siku, na katikati apate kitu kidogo mara moja ao mbili: ndizi mbivu, kipande cha avoka. Uji wake usiwe maji. Uwe mzito, ukae kwenye kijiko usimwagike.

Nne, usimpe bugali na mchuzi tu. Bugali wa muhogo unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Najua mtaniambia: "Pasta, franka iko wapi?" Sisemi nyama ya kila siku. Sambaza mkavu akitwangwa, kijiko kimoja katika uji ao katika mboga kinasaidia sana. Maharagi yaliyopondwa na kutolewa maganda. Karanga zilizotwangwa katika lengalenga ao sombe. Soya katika unga wa uji. Mafuta ya mawese kidogo, yanasaidia macho. Na kama kuku ametaga, yai la kwanza ni la nani? Tumezoea kusema ni la baba, ao la mgeni, ao la kuuza. Ndugu, yai ni la mtoto. Kama mgeni huyo ni mimi mchungaji, nipeni viazi, nitawashukuru. Na mama yeyote asilete kanisani sadaka iliyotoka katika sahani ya mtoto wake. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani.

Nne hizi zisisahau mikono: mnawe kwa sabuni ao majivu, wewe na yeye, mbele ya kula na baada ya choo. Choo cha mtoto ni uchafu kama cha mkubwa, kitupwe chooni. Na usiku alale chini ya chandarua. Umri huu anahitaji usingizi wa saa 11 mpaka 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Kwa hiyo, mama mwenye mtoto wa hivi asipokuja kwenye mkesha wa Ijumaa, hakuna atakayemhukumu.

NENO KWA BABA

Sasa baba, usizime redio. Hosea anamwonyesha Mungu kama mzazi anayeshika mikono ya mtoto, na sisi wanaume tunamwita Mungu Baba. Lakini ni baba wangapi kati yetu wamewahi kulisha mtoto wa mwaka mmoja mpaka sahani ikaisha?

Angalieni Elkana, mume wa Hana. Mwaka ulipofika wa kupanda Shilo kutoa dhabihu, Hana alisema kwamba hatapanda mpaka Samweli aachishwe ziwa. Ilikuwa safari takatifu, ya kila mwaka, ya jamaa yote. Elkana hakumwambia kwamba anamdharau Mungu. Alimwambia afanye aonavyo vema, akae mpaka amwachishe. Yule mtoto aliyenyonyeshwa kwa utulivu ndiye aliyekuwa nabii wa Israeli.

Elkana alimpa Samweli wakati wake. Nasi tuwape watoto wetu wakati wao. Mtoto akizaliwa, mama na mtoto wanahitaji angalau miaka miwili mbele ya mimba nyingine. Ongeeni ninyi wawili, bila haya, mwende kituo cha afya muulize juu ya kupanga uzazi. Mtoto wa kwanza asifukuzwe kwenye ziwa na mdogo wake.

Wiki hii nawaomba mambo matatu. La kwanza: tafuteni fishi ya mtoto, mwende kilo. La pili: mtoto apate sahani yake. La tatu, la baba: kila siku, robo saa, kaa chini na mtoto wako. Chini kabisa, kwenye mkeka. Mwite jina lake, mpe kijiko, mshike mikono atembee kuja kwako. Hatakumbuka siku hiyo. Efraimu naye hakujua ni nani aliyemshika. Lakini alitembea.

TUOMBE

Baba yetu wa mbinguni, ulitushika mikono tulipokuwa hatujui kusimama. Utusamehe kwa watoto tuliowaweka chini tukawasahau. Unisamehe mimi mtumishi wako kwa zile siku tatu. Uwakumbuke wamama walio peke yao, wenye mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Uwape msaada kupitia mikono yetu. Uwape waganga wetu nguvu na dawa. Ulinde watoto waliokimbia vita na wanaolala mahali pasipo pao. Utufundishe kuinama. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.